Benchi Chini ya Mti: Daktari Aliyewafundisha Nyanya Kutibu Mawazo

(Muziki wa kipindi, kisha upunguzwe polepole.)

Hujambo mama unayepika huku redio ikiwa dirishani. Hujambo nyanya uliyebaki na wajukuu. Hujambo dada unayemlea mtoto wa mwenzako. Na wewe baba uliyeketi hapo, usiondoke. Mazungumzo ya leo yanakuhusu pia.

Mara nyingi katika kipindi hiki tunazungumza kuhusu chanjo, malaria, lishe na maji safi. Leo tutazungumza kuhusu mzigo ambao hauonekani kwa kipimo cha damu wala kwa mizani ya kliniki. Sisi huku tunasema, "Nina mawazo." Tunasema, "Roho yangu ni nzito." Mama akiulizwa anaugua nini, anajibu, "Sijui, ni kichwa tu, ni mawazo mengi."

Je, mawazo yanaweza kutibiwa? Je, kuna mtu aliyesomea kazi ya kumsaidia mwenye mawazo? Anafanyaje kazi hiyo, ikiwa hana sindano wala chupa ya dawa mkononi? Leo nitakujibu kwa kukueleza habari za daktari mmoja wa nchi ya Zimbabwe na namna anavyowasaidia watu. Nimemchagua yeye kwa sababu wasaidizi wake wakubwa ni watu unaowajua vizuri: akina nyanya.

DAKTARI HUYU NI NANI?

Anaitwa Dkt. Dixon Chibanda. Ni daktari wa magonjwa ya akili. Tofauti na madaktari wengi, tiba anayojulikana kwayo zaidi ni tiba ya mazungumzo, yaani tiba ambayo mgonjwa hupata nafuu kwa kuzungumza na mtu aliyefundishwa kusikiliza na kumwongoza.

Miaka ya 2000 alikuwa akifanya kazi katika hospitali mjini Harare, mji mkuu wa Zimbabwe. Nchi hiyo ilikuwa na watu zaidi ya milioni kumi, lakini madaktari wa magonjwa ya akili walikuwa wachache mno, kiasi cha kuhesabika kwa vidole vya mikono na miguu. Mgonjwa aliyekuwa mbali alilazimika kusafiri hadi mjini ili kumwona mmoja wao.

Mwaka wa 2005 ulikuwa mgumu kwa nchi hiyo. Serikali iliendesha operesheni ya kubomoa nyumba na vibanda vya biashara mijini. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu kama 700,000 walipoteza makao, kazi, au vyote viwili. Hebu fikiria, mama, ni watu wangapi waliolala na mawazo mwaka huo.

Mwaka huohuo Dkt. Chibanda alimpoteza mgonjwa wake, msichana wa miaka 26 aliyekuwa akiishi katika mji mwingine, mbali na Harare. Msichana huyo alikuwa amejaribu kujiua na akaokolewa. Daktari na mama yake walikubaliana kwa simu kwamba akishatoka hospitalini ataletwa Harare kuonana na daktari. Hakuletwa. Wiki chache baadaye mama alipiga simu na kusema kwamba binti yake amejitoa uhai. Daktari alipouliza kwa nini hawakuja kama walivyokubaliana, mama alijibu kwamba hawakuwa na nauli ya basi. Nauli yenyewe ilikuwa dola 15 za Marekani.

Mpenzi msikilizaji, daktari alikuwapo. Tiba ilikuwapo. Mama alimpenda mtoto wake na alikuwa tayari kumpeleka. Kilichokosekana ni nauli. Dkt. Chibanda amesimulia jambo hili hadharani mara nyingi, na anasema ndilo lililomfanya ajiulize swali lililobadilisha kazi yake: ikiwa mgonjwa hawezi kufika kwa daktari, je, tiba haiwezi kumfuata mgonjwa nyumbani kwao?

NYANYA KUMI NA WANNE

Daktari alianza katika mtaa wa Mbare, mtaa wa zamani wenye watu wengi na soko kubwa, karibu na katikati ya jiji la Harare. Alitaka wauguzi wa kliniki wafundishwe kazi hii. Aliambiwa wauguzi wana kazi nyingi: chanjo, akina mama wajawazito, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI. Hakukuwa na chumba kilichokuwa wazi, wala pesa. Kilichopatikana ni nyanya 14 waliokuwa wakijitolea kama wahudumu wa afya mtaani, na nafasi nje ya kliniki, chini ya mti.

Daktari mwingine angekata tamaa. Yeye alikubali, na mwaka wa 2006 kazi ikaanza kwa benchi la mbao na nyanya hao kumi na wanne.

Mwanzoni benchi liliitwa Benchi la Afya ya Akili. Watu walilipita kando. Nani atakaa hapo ili jirani amwone na kusema, "Kumbe fulani ni mwenda wazimu"? Nyanya ndio waliomwambia daktari kwamba jina hilo linafukuza watu. Walipendekeza jina lingine, Benchi la Urafiki. Kwa Kishona, lugha ya huko, wanasema *Chigaro Chekupanamazano*, maana yake benchi la kupeana mashauri. Jina lilipobadilika, watu walianza kukaa.

Nyanya walimfundisha pia maneno ya kutumia. Katika vitabu alivyosoma daktari, ugonjwa huo una jina la Kiingereza ambalo mama wa Mbare hakulijua wala hakulihitaji. Kwa Kishona watu husema *kufungisisa*. Kitenzi *kufunga* huko hakina maana ya kufunga mlango. Maana yake ni kufikiri. *Kufungisisa* ni kufikiri kupita kiasi, mawazo yakizunguka kichwani usiku na mchana bila kufika popote. Mama wa Kenya anaposema, "Nina mawazo," anasema jambo lilelile. Nyanya alipouliza, "Je, una *kufungisisa*?" mama alielewa na akajibu.

Kwa hiyo angalia jinsi kazi ilivyogawanywa. Daktari alileta elimu ya tiba iliyopimwa. Nyanya walileta lugha, heshima na kuaminiwa. Tena nyanya hawahami kutafuta kazi mji mwingine. Wamezeekea hapo, wamezika na wamelea hapo, na kesho mtu akirudi atawakuta.

KINACHOFANYIKA BENCHINI

Labda unajiuliza, "Sasa, nyanya kuzungumza na mtu ni tiba gani? Mbona hata mimi huzungumza na jirani kila siku?"

Ni swali zuri. Nyanya hao hufundishwa kwanza, kwa muda unaozidi wiki moja kidogo, kisha huendelea kusimamiwa na watu wenye ujuzi zaidi. Wanachofanya kina mpangilio. Tuufuate hatua kwa hatua.

Kwanza, mgonjwa huulizwa maswali 14 ya kujibu ndiyo au hapana kuhusu wiki moja iliyopita. Kwa mfano: Umekuwa na mawazo mengi kupita kiasi? Umekosa usingizi? Umelia, au ukataka kulia? Umeshindwa kufanya kazi zako kama kawaida? Umewahi kuona ni afadhali kufa? Majibu ya ndiyo huhesabiwa. Yakiwa mengi, mtu huyo hukaribishwa benchini. Akionyesha dalili za hatari, hapelekwi benchini na kuachwa hapo. Hupelekwa kwa wauguzi na madaktari.

Pili, mazungumzo yenyewe huwa na sehemu tatu. Ya kwanza wanaiita *kuvhura pfungwa*, yaani kufungua akili. Mgonjwa anaeleza matatizo yake yote, na nyanya anasikiliza. Hamkatizi. Hamlaumu. Haanzi kusimulia ya kwake. Matatizo yanaorodheshwa, kisha mgonjwa mwenyewe anachagua moja la kuanza nalo.

Sehemu ya pili ni *kusimudzira*, kuinua. Hapo wawili hao hutafuta njia za kulishughulikia tatizo lile moja. Njia zote zinatajwa, hata zile ndogo. Mgonjwa anachagua mojawapo, na wanapanga atafanya nini, siku gani na kwa msaada wa nani.

Sehemu ya tatu ni *kusimbisa*, kutia nguvu. Nyanya anamhakikishia mgonjwa kwamba hayuko peke yake, na wanaagana siku ya kurudi. Anaporudi, swali la kwanza ni hili: "Ile kazi tuliyopanga, ilikuwaje?" Ikiwa ilifaulu, wanaendelea na tatizo jingine. Ikiwa haikufaulu, hakuna kugombezwa. Wanatafuta njia nyingine. Vikao huwa kama sita.

Tatu, baada ya hapo mgonjwa anaweza kujiunga na kikundi kinachoitwa *Kubatana Tose*, yaani kushikana mikono pamoja. Wanawake hukaa kwa duara, wanazungumza huku wakifuma vikapu na mifuko kwa plastiki iliyotumika. Mtu anapata marafiki, na pia anapata kitu cha kuuza. Sisi wenye vyama vya akina mama tunalielewa jambo hili haraka.

MFANO WA KUKUSAIDIA KUELEWA

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Huu ni mfano tu, si kisa cha mtu fulani.

Tuseme kuna mama ambaye mtoto wake ana miezi mitatu. Halali, hata mtoto akilala. Chakula hakina ladha. Anamtazama mtoto na haoni furaha, kisha anajiona ni mama mbaya. Kodi ya nyumba imechelewa miezi miwili. Mume anarudi amechoka na hasemi neno. Mchango wa chama hajatoa, na sasa anakwepa njia inayopita kwa mweka hazina.

Jirani mwenye nia njema angemwambia, "Jikaze, mama, wewe si wa kwanza kuzaa." Mama angenyamaza na kurudi nyumbani na mzigo uleule, na aibu juu yake.

Katika njia ya benchi, nyanya angesema, "Keti, mjukuu wangu. Nieleze yote, nina muda." Mama anaeleza. Nyanya anayataja tena yale aliyosikia: "Kwa hiyo hulali, una deni la nyumba, baba watoto hazungumzi nawe, na chama unakikwepa. Nimesikia vizuri?" Mama anaitikia. Nyanya anauliza, "Katika haya yote, lipi lingekupunguzia mzigo kidogo kama tukilishughulikia wiki hii?"

Huenda wewe msikilizaji ungechagua kodi, kwa sababu ndiyo kubwa. Mama yule anachagua chama. Kwa nini? Kwa sababu pale ndipo palipo na marafiki zake, na bila wao amekuwa mpweke. Basi nyanya anafuata chaguo la mwenye tatizo. Wanafikiria njia: amtume mtu? Apige simu? Aende mwenyewe kabla ya mkutano? Anaamua kwenda kwa mweka hazina Jumatano jioni, dada yake akibaki na mtoto, aombe kulipa kidogo kidogo.

Je, deni la nyumba limeisha? Hapana. Lakini mama aliyekuwa haoni mlango sasa ameuona mmoja, na ameufungua kwa mkono wake mwenyewe. Wiki ijayo atakuwa na nguvu ya kujaribu mwingine. Mtu mwenye mawazo huona matatizo yote kama rundo moja. Kazi ya mtaalamu wa tiba ya mazungumzo ni kumsaidia kulitenganisha rundo hilo, kitu kimoja kimoja.

JE, INAFANYA KAZI?

Dkt. Chibanda hakutaka watu waamini kwa sababu tu kisa kinapendeza. Njia hii ilipimwa. Utafiti ulifanywa katika kliniki 24 za jiji la Harare, na ulihusisha watu 573, wengi wao wanawake. Baadhi walipata huduma ya kawaida ya kliniki iliyoboreshwa kidogo. Wengine walikaa benchini na nyanya. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2016. Baada ya miezi sita, katika kundi la huduma ya kawaida, karibu watu 50 katika kila 100 walikuwa bado na dalili za huzuni kubwa. Katika kundi la benchi, walikuwa chini ya 14 katika kila 100.

Tangu hapo, mabenchi ya namna hiyo yamewekwa Malawi na Zanzibar pia, na hata katika miji ya Marekani.

Na hapa Kenya? Mwaka wa 2017 kulichapishwa utafiti uliofanywa Nairobi kwa wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Wahudumu wa afya ya jamii walifundishwa njia inayofanana na hii, ya kushughulikia matatizo moja baada ya jingine, kwa vikao vitano. Wanawake waliopata vikao hivyo walipata nafuu kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo usiseme, "Hayo ni ya Zimbabwe." Yamefanyika hapa, na mikono iliyoyafanya ni kama ya jirani yako.

MAMA ALIYEJIFUNGUA

Nataka niseme jambo moja kwa ajili ya mama mwenye mtoto mchanga, maana Dkt. Chibanda pia alifanya utafiti kuhusu akina mama wanaopata huzuni baada ya kujifungua.

Siku chache za kwanza baada ya kujifungua, mama wengi hulia bila sababu na kubadilika hisia. Hali hiyo kwa kawaida hupita yenyewe ndani ya wiki mbili. Lakini ikipita wiki mbili na mama bado ana huzuni, hana hamu ya chochote, anajilaumu, halali hata akipata nafasi, au haoni uhusiano wowote na mtoto wake, huo si uvivu na si laana. Ni ugonjwa, na unatibika. Usingoje hadi mtoto apungue uzito ndipo uonekane. Unapompeleka mtoto kliniki kupimwa na kuchanjwa, mwambie muuguzi, "Na mimi pia siko sawa." Kama maneno yanakwama, mwambie tu, "Nina mawazo mengi na silali." Hiyo inatosha kuanza.

Akina mama wakwe na dada wakubwa, sikilizeni. Mama huyo akikaa kimya, msimwite mwenye kiburi. Mshikieni mtoto saa mbili apate kulala. Kisha mmuulize, na mnyamaze ili ajibu.

UNAWEZA KUSIKILIZA VIPI?

Huenda huna benchi wala cheti. Hata hivyo, kuna mambo unaweza kuyafanya leo mtu wako akikuambia ana mawazo.

Zima redio, hata hii yangu, na umtazame. Tafuta mahali ambapo watoto hawasikii. Mwache amalize. Kama analia, mwache alie, machozi hayamdhuru. Rudia kwa maneno yako ulichosikia ili ajue umeelewa. Muulize yeye angependa kuanza na lipi.

Usimwambie, "Hilo ni jambo dogo." Usimwambie, "Wengine wana shida kuliko zako." Usimwambie aombe tu na anyamaze. Sala ina nafasi yake, na wengi hupata nguvu humo, lakini aliyevunjika mguu huombewa na kufungwa bandeji pia.

Na zaidi ya yote, alichokuambia kiishie kwako. Siri ya benchi ikifika sokoni, mtu huyo hatakaa benchi lolote tena. Siri huvunjwa kwa sababu moja pekee: maisha ya mtu yakiwa hatarini. Hapo unamwambia waziwazi, "Hili siwezi kubaki nalo peke yangu, twende pamoja tukatafute msaada."

DALILI ZA HATARI

Mpenzi msikilizaji, chukua kalamu kama iko karibu. Hata nyanya wa Harare wanajua mwisho wa kazi yao uko wapi. Mpeleke mtu hospitalini bila kuchelewa ukiona haya:

Anasema anataka kufa, au anagawa vitu vyake na kuaga watu.

Anasema anaweza kumdhuru mtoto, au anaogopa kubaki naye peke yake.

Anasikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni.

Amekaa siku kadhaa bila kulala wala kula.

Amejifungua karibuni na ghafla amechanganyikiwa, maneno yake hayaeleweki. Hii ni dharura kama kutokwa na damu nyingi.

Usimwache peke yake. Fungia mbali vidonge na dawa za kunyunyizia mimea. Unaweza kumuuliza waziwazi, "Je, umefikiria kujiua?" Watu wengi huogopa swali hilo wakidhani watampa wazo. Swali halimpi wazo. Linampa nafasi ya kusema.

Wengine walinyamaza wakiogopa polisi, kwa sababu sheria yetu ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mwezi wa Januari mwaka wa 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho cha sheria, kifungu cha 226, kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa hiyo mpeleke mtu wako hospitalini. Huyo ni mgonjwa anayehitaji kutibiwa.

UTAPATA WAPI MSAADA?

Anza karibu nawe. Zungumza na mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji au mtaa wako, au muuguzi wa zahanati. Hospitali kubwa za kaunti zina wahudumu wa afya ya akili, na hospitali ya Mathari jijini Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1910, hupokea wagonjwa kutoka kote nchini.

Kwa simu, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari 1199 ya kuzungumza na mshauri. Mtoto aliye taabani, au mtu anayejua mtoto anayeteswa, apige 116. Aliyepigwa au kudhulumiwa nyumbani apige 1195.

Na ukienda kwa mshauri nasaha au mwanasaikolojia wa kulipwa, usione haya kumuuliza, "Ulisomea wapi? Umesajiliwa? Nikikueleza, nani mwingine atajua? Tutakutana mara ngapi, na kwa bei gani?" Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka wa 2014, inayotaka watu wa kazi hiyo wasajiliwe. Mtaalamu wa kweli hatakasirika ukimuuliza. Yule anayekuahidi kukuponya kwa siku moja, au anayetaka kulipwa kabla hajakusikiliza, achana naye.

Kama tayari umepewa dawa na daktari, usiziache kwa sababu umeanza kuzungumza na mshauri. Dawa na mazungumzo huenda pamoja, na daktari ndiye atakayekuambia lini upunguze.

Mpenzi msikilizaji, msichana yule wa miaka 26 alipungukiwa na nauli ya basi. Katika kijiji chako huenda kuna mtu ambaye leo amepungukiwa na kitu kidogo kama hicho: mtu wa kumsindikiza, mtu wa kumshikia mtoto, au mtu wa kumwambia, "Keti, nina muda." Hilo unaweza kulitoa kabla ya jua kutua.

Tukutane tena wiki ijayo, wakati kama huu. Kwaheri.

(Muziki wa kipindi.)

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mawazo yasiyoisha ni ugonjwa unaotibika. Si aibu wala laana.

2. Tiba ya mazungumzo ina hatua: kusikiliza, kuorodhesha, kuchagua tatizo moja, kupanga, na kurudi kuangalia.

3. Anayechagua pa kuanzia ni mwenye tatizo.

4. Huzuni ya mama inayozidi wiki mbili baada ya kujifungua iambiwe muuguzi.

5. Ukiona dalili za hatari, mpeleke hospitalini na usimwache peke yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Katika lugha ya nyumbani kwenu, mtu mwenye mawazo mengi husema anaumwa nini?

2. Ni nani hapa kwetu ambaye watu humwendea wakiwa na mzigo? Kwa nini wanamwamini?

3. Kama mama wa kikundi chetu akiacha kuja mikutanoni mara tatu, tutafanya nini, na nani atakwenda kumwona?